Waya Unaokaba Shina Huua Mizizi Kwanza

Malalamiko yanayorudi kila mara kitaluni kwetu hapa Nairobi ni kwamba mteja alinunua mjakaranda au mparachichi, ukanawiri, kisha ukakauka, naye anaamini tulimuuzia mche mgonjwa. Mara nyingi tukienda kuutazama tunakuta waya wa ujenzi umezungushwa shinani ili mti usimame wima, kwa kuwa ada yetu ya kupanda ilionekana ghali.

Waya hauui mti siku unapofungwa, ndiyo maana haushukiwi. Maji na madini hupanda kutoka mizizini kupitia zailemu, iliyo ndani zaidi ya shina, kwa hiyo majani hubaki mabichi. Chakula kinachotengenezwa na majani, hata hivyo, hushuka kupitia floemu, tabaka jembamba lililo chini tu ya gome, na kadiri shina linavyonenepa ndivyo waya unavyolikaba tabaka hilo pande zote. Mizizi haijitengenezei chakula. Hutumia akiba yake ya wanga hadi iishe, kisha ile michanga yenye vinyweleo vya kufyonza maji hufa, na hapo ndipo majani hunyauka.

Mama mmoja wa Embakasi alidai arudishiwe pesa zake. Tulimwonyesha jinsi shina lilivyovimba juu ya waya, pale sukari ilipokwama, na lilivyobaki jembamba chini yake. Tulipofukua udongo mweusi, mizizi midogo ilichunika ganda vidoleni. Akauliza kwa nini mtende wake wa mapambo, uliofungwa vivyo hivyo, ulikuwa mzima. Lilikuwa swali la haki: shina la mtende halina kambiamu, yaani tabaka la ukuaji la kulinenepesha mwaka hadi mwaka, na mirija yake ya maji na chakula imetawanyika ndani kote.

Ada yetu inalipia kigingi, vipande vya tyubu ya baiskeli tunavyovifunga kwa umbo la nane, na ziara ya kuvilegeza. Hatubani, kwa sababu shina linaloyumba kidogo kwa upepo ndilo hukomaa. Anayeikwepa ada hiyo hununua mche wa pili, na msimu wa mvua umeshampita.

Ukikuta waya mtini mwako, ukate leo kwa koleo. Ikiwa umezama ndani ya gome, kata sehemu zinazoonekana bila kuuvuta, usije ukaichuna floemu iliyosalia, kisha utuite.