Barua kwa mwanangu anayeanza kupanga chumba

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na orodha ya vitu vya chumba chako kipya nimeisoma yote, mpaka hicho kikaangio cha hewa. Sisi huku Tanga hatujambo. Pesa nitakutumia, ila si ya orodha nzima, na usije ukakimbilia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, ili ujazie. Kabla hujalipia kitu chochote, jiulize: kikiharibika, fundi wake yuko wapi? Ukiona hakina fundi, kiache dukani.

Nianze na sufuria, maana umeandika "seti ya 10". Seti ya 10 na unakula peke yako? Tatu zenye mifuniko zinakutosha, na kikaango. Kariakoo watakuonyesha zile nyembamba zinazong'aa. Igeuze, kibonyeze kitako kwa kidole gumba. Kikibonyea, ugali wa wiki ya kwanza utaipinda. Nzito zinazosubiwa na mafundi wetu hudumu, na mimi napenda sana kitu kilichotoka kwenye chuma chakavu kikarudi jikoni. Lakini hapo tahadhari. Vipande vya injini, redieta na makorokoro mengine huyeyushwa pamoja, na watafiti waliopima sufuria za namna hiyo kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo, walichapisha mwaka 2017 kwamba baadhi yake zilitoa madini ya risasi zilipochemshiwa kitu kikali kama siki. Nasi hatupiki bila ndimu, ukwaju au nyanya. Kwa hiyo mchuzi upikie kwenye chungu au sufuria ya stili, hata kama hiyo ya stili itabidi ingoje mshahara wa mwezi ujao.

Gesi chukua mtungi wa kilo 6. Mpira na regyuleta usibahatishe vya bei rahisi. Maharage uyaloweke tangu usiku, mtungi utakaa.

Friji ngoja kwanza. Ukilazimika kuchukua la mtumba, bana noti kwenye mlango kisha ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka. Utalinunua kwa bei ndogo halafu ulilipie kila siku kwenye umeme wa Luku.

Kuhusu mifuko, mwanangu, nisikufiche. Ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na wote tukafurahi, lakini nilipokuja kwako nilikuta mifuko mbadala imesongamana chini ya sinki, kila mmoja umenunuliwa kwa safari moja ya gengeni. Sasa tofauti iko wapi? Nakuletea kapu la ukindu la bibi yako. Wenzako wakicheka, waache wacheke. Nyanya hazitapondeka humo.

Godoro nunua jipya, tena zuri, hapo sikubanii. Kitanda ndicho usinunue. Mninga hukua taratibu mno na misitu yake imekatwa vya kutosha, wakati kitanda cha mninga cha shangazi yako kimelala stoo, kimefunguliwa tu. Kinataka chaga mbili mpya na kupigwa msasa. Keko hukosi fundi wa kazi hiyo. Hilo kabati la mbao za vumbi ulilonitumia picha yake nimeliona. Linapendeza, sikatai. Linyeshewe mara moja siku ya kuhama uone litakavyovimba, na hakuna fundi atakayelishika. Nguo zako zikae kwenye sanduku kwa sasa.

Kitanda nitakipakia kwenye basi Jumamosi, kapu likiwa juu yake. Kipokee Mbezi, stendi ya Magufuli, na mpatane bei na mwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, kabla hajagusa mzigo. Bolti nimezitia kwenye kopo la maziwa ndani ya kapu. Ziko 8, zihesabu kondakta akiwa bado yupo.

Baba yako anakusalimia.

Mama yako