Wanangu wa uhandisi, isikilizeni pampu

Wanangu,

Mwezi uliopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja huku nyanda za juu. Pampu ya maji ya moto ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili ndani ya mwaka, na vijana watatu wenye shahada walikuwa wanaombea fedha ya nyingine, kubwa zaidi. Mlinganyo wa Bernoulli, ule wa nishati ya maji yanayotiririka, walinitajia bila kukosea herufi. Niliumia.

Hakuna aliyekuwa ameuliza maji yanaifikiaje pampu. Tangi li wazi, na maji yake yako kimo kimoja na pampu. Pale ni mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: kanieneo ya hewa, yaani nguvu yake ya kuyagandamiza maji, ni kilopaskali 82 hivi, si 101 ya kitabuni. Maji ya nyuzi 90 huchemka kanieneo ikishuka hadi 70. Toeni wenyewe. Zinabaki 12, yaani kimo cha maji cha mita moja na robo, na msuguano wa bomba bado. Pampu ilihitaji mita tatu za kimo hicho pale inapofyonza! Maji yalikuwa yanachemkia mdomoni mwa impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, mapovu yakipasuka na kumega chuma. Impela ya zamani niliikuta nyuma ya karakana, imetobokatoboka kama hindi lililoliwa na dumuzi.

Fundi wa zamu aliegemeza bisibisi kwenye ganda la pampu, akatega sikio mpinini. "Inatafuna kokoto, mzee." Alikuwa amelisema hilo miezi mingi, lakini hana cheti, nani amsikilize? Na lawama si ya vijana peke yao. Sisi wakubwa tunawapa shahada watu ambao hawajafungua pampu hata moja, walionakili vipimo vya maabara vya darasa lililotangulia.

Pampu kubwa ingezidisha njaa ile ile. Tulisafisha chujio lililoziba nusu na kuweka bomba pana la kufyonzea. Tangi litapandishwa mita tatu.

Mengine nayataja tu. Namba ya Reynolds, inayopima mtiririko umetulia au umevurugika: ndani ya bomba, chini ya 2,000 mtiririko hutulia, juu ya 4,000 huvurugika. Vali ya kupunguzia mtiririko hukaa upande wa kutokea, kamwe si wa kufyonzea. Sosi ya nyanya si maji. Mnato wake, yaani ule uzito wa kutiririka, hupungua ikikorogwa.

Tangi linapandishwa Jumamosi, nami nitakuwepo. Njooni na ovaroli, wanangu, na muanze kwa kumwamkia yule fundi.