Picha ya Kiuno Haitoshi: Mzee Anapotembea kwa Shida

Familia nyingi zinazotuletea wazazi wao hapa kwenye kliniki yetu ya mazoezi tiba huja na bahasha ya picha ya kiuno. Ripoti iliyomo husema karibu maneno yaleyale: diski zimechakaa, njia ya mishipa ya fahamu imebana. Basi wameshajua tatizo ni mgongo, wanachotaka ni mazoezi. Na mara nyingi mgongo kweli umechakaa. Lakini mzee akiinuka kwenye kiti, akaenda hadi mlangoni na kugeuka, tunaona mambo ambayo kiuno hakiwezi kuyasababisha.

Mtu wa miaka 65 na kuendelea anaweza kuwa na ugonjwa wa ubongo na wa uti wa mgongo kwa wakati mmoja, na kila mmoja ukachangia kuharibu mwendo wake. Ugonjwa wa kwanza kuonekana ukibebeshwa lawama yote, ule wa pili unaendelea kumla bila mtu kujua. Tunaandika haya kwa sababu tunaona wazee wakipoteza miaka ya kutembea ambayo isingepaswa kupotea.

Tuanze na shingo, maana ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ile kamba ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo hushuka ndani ya uti wa mgongo na kuishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna mizizi ya mishipa tu. Kwa hiyo picha ya kiuno, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haiwezi kuonyesha kamba hiyo inavyobanwa shingoni, mahali ambapo umri hufanya kazi sana: diski hutokeza nyuma, mifupa huota vinundu, kano hunenepa. Mzee huhisi miguu mizito, imekakamaa, haimsikilizi. Shingo yenyewe inaweza isimuume hata kidogo.

Tazama mikono yake. Vifungo vya shati vinamshinda, mwandiko umebadilika, sarafu zinamponyoka akitafuta nauli, tonge halikai vizuri vidoleni. Wengine wakiinamisha kichwa husikia kitu kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Kiuno hakiharibu mikono. Tukikuta mikono na miguu inasumbua pamoja, hatuanzi mazoezi siku hiyo. Tunaandika barua aende kwa daktari akapigwe picha ya MRI ya shingo, na tunamwambia ndugu aliyemleta sababu yake waziwazi.

Hapa tunaomba jambo moja kwa msisitizo: mzee mwenye dalili hizi asipindwe shingo na mtu yeyote. Si saluni baada ya kunyolewa, si kwa mchuaji, si kwa kijana wa jirani anayejua kualisha mgongo. Kamba iliyokwishabanwa inaweza kujeruhiwa kwa mzunguko mmoja tu wa ghafla.

Kiuno kilichobana nacho kina tabia zake. Mzee anatembea kidogo, miguu inaanza kuuma au kufa ganzi, anakaa au anainama, baada ya dakika chache anaendelea. Akiegemea toroli dukani anakwenda mbali zaidi, kwa sababu kuinama mbele huipanua njia ya mishipa. Kuendesha baiskeli kunaweza kumwia rahisi kuliko kusimama kwenye foleni ya benki. Huyu, kama hana kingine, tunaanza naye mazoezi mara moja.

Sasa ubongo. Wengi wetu tunajua habari za watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, wanaopasuliwa kwenye taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili au hospitalini Mbale kule Uganda. Wachache wanajua kwamba maji hayohayo ya ubongo yanaweza kujikusanya kwa mtu mzima pia. Fuvu lake limeshakomaa, halitanuki, kwa hiyo kwa nje hakuna cha kuona. Daktari wa upasuaji wa Colombia, Salomón Hakim, pamoja na Raymond Adams wa Marekani walieleza hali hii mwaka 1965, na alama zake tatu hazijabadilika: mwendo, kumbukumbu na mkojo. Mwendo ndio huharibika kwanza kwa wengi. Nyayo zinaonekana kunata sakafuni, hatua ni fupi, miguu imepanuliwa, na kugeuka kunamchukua hatua nyingi ndogondogo. Baadaye anakuwa mzito wa kufikiri, kisha anaanza kushindwa kufika chooni kwa wakati. Nyumbani watu husema ni uzee.

Huu si Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, ingawa hufanana nao. Mwenye maji ya ubongo mara nyingi bado anapunga mikono akitembea. Kwa Parkinson mkono, mara nyingi wa upande mmoja kwanza, huacha kupunga, na wengi hutetemeka wakiwa wametulia. Presha ya miaka mingi nayo huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo na kuleta hatua fupi za namna hiyo. Ndiyo maana kazi ya kutofautisha ni ya daktari wa mishipa ya fahamu, akiwa na picha ya ubongo mkononi. Akishuku maji, anaweza kutoa mililita 30 hadi 50 kwa sindano ya mgongoni, kisha mwendo wa mzee unapimwa tena kulinganisha na ulivyokuwa. Ukiwa bora, kuna matumaini kwamba kuwekewa mpira wa kupeleka maji hayo tumboni kutamsaidia.

Magonjwa haya yakikutana, hufichana. Shingo iliyobanwa hufanya goti liruke kwa nguvu likigongwa na nyundo ya daktari. Mizizi iliyobanwa kiunoni hulififisha, na kisukari cha muda mrefu hufanya hivyohivyo. Mzee mwenye yote anaweza kuwa na goti linaloruka vizuri tu, na anayempima akaridhika. Ile sindano ya kutoa maji nayo hupita kiunoni, mahali palepale palipobana, hivyo kipimo kinaweza kuwa kigumu. Na mzee anayekwenda kupasuliwa kiuno huku shingo yake imebana, daktari wa usingizi anapaswa kujua kabla hajamlaza na kuinyoosha shingo hiyo.

Kuna familia hufika kwetu zikiwa na uchungu kwamba zilichangishana, mzee akapasuliwa kiuno, na bado anayumba. Upasuaji huo unaweza kuwa umefanikiwa kabisa: maumivu ya miguu yamekwisha. Kilichobaki ni kile ambacho hakikutafutwa. Usikate tamaa hapo, uliza kuhusu shingo na ubongo. Uliza pia kuhusu vitamini B12, hasa kama mzee ametumia metformin kwa miaka mingi kwa ajili ya kisukari. Dawa hiyo inaweza kuishusha, na upungufu wake huharibu mwendo na kumbukumbu vilevile. Ni kipimo cha damu tu.

Kwetu, siku ya kwanza ni ya kutazama. Mzee anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa. Akifikisha sekunde 12 au zaidi tunamchukulia kuwa yuko katika hatari ya kuanguka, ingawa sisi tunaangalia zaidi namna alivyogeuka. Kisha anarudia huku akihesabu kurudi nyuma. Wengine hatua zinasimama kabisa mara hesabu inapoanza, na hiyo inatupa sababu ya kuuliza zaidi kuhusu ubongo.

Mazoezi yetu huimarisha mapaja na nyonga, hufundisha kugeuka kwa usalama na kuinuka bila kuvutwa mkono. Tunashauri pia kuhusu mikeka inayoteleza, taa ya usiku na kishikio chooni. Lakini mazoezi hayafungui njia iliyobana shingoni wala hayapunguzi maji ya ubongo, na hatutapokea fedha yako kana kwamba yanafanya hivyo.

Usisubiri miadi yetu kama makalio na sehemu za siri zimekufa ganzi, mkojo umeziba ghafla, miguu imeisha nguvu ndani ya siku chache, au upande mmoja wa mwili umelegea. Hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mzee aliyegonga kichwa, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita, ambaye sasa analala sana au anachanganyikiwa, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Mkija, leteni picha zenyewe pamoja na ripoti, dawa zake zote, na viatu anavyovaa kila siku. Mrekodini kwa simu akitembea nyumbani, kwa mbele na kwa ubavuni, maana wazee wengi hujikaza wakifika kliniki. Na aje na mtu anayelala naye nyumba moja. Habari ya mkojo mzee huificha, hasa mbele ya watoto wake, kwa hiyo huwa tunaomba dakika chache za kuzungumza naye faragha.