Kuhusu malaika wako aliyepasuka

Mama Neema mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Mfikishie bibi shikamoo yangu, na poleni sana kwa msiba wa kwa akina Massawe. Habari nilizipata kwa Eliakimu, tena zimechelewa kama kawaida yake. Huku wazima.

Naandika haraka kwa ajili ya ile sauti uliyonitumia Jumapili. Unasema malaika wa kioo uliyeletewa kutoka Bethlehemu amepasuka mwenyewe juu ya kabati, na sasa umoja wa wanawake wanasita kuagiza malaika mia moja wa Krismasi kwa kuwa "wale akina mama wa Bethlehemu wanatuuzia takataka". Takataka ni kweli, mwenzangu, malaika wale ni chupa zilizotupwa! Ila kupasuka kuna sababu yake, na inaonekana kwa macho.

Chukua vile vipande ukavitazame dirishani. Ufa ukifuata pale bawa linapoungana na kiwiliwili, basi vioo viwili visivyopatana vimeunganishwa. Ukikata katikati kwa kupinda, bila kujali maungio, kazi ilipozwa kwa pupa. Kingo za ufa zikiwa za mviringo, laini, kilipasukia tanurini kikiwa bado kinapashwa, na hicho hakikupaswa hata kutoka karakana. Chako naamini kina kingo kali.

Nikueleze maana huko mtabishana. Chupa hulowekwa kwenye maji ya moto hadi karatasi na gundi vitoke, hukatwa shingo na kitako, maana kitako ni kinene mno, halafu ubavu hulazwa tanurini kwenye nyuzi 700 na kitu mpaka unyooke. Ndipo maumbo hukatwa: kalamu yenye kigurudumu hukwaruza mstari mmoja tu (ukirudia mstari unaharibu kioo na kalamu), koleo humalizia, kingo husuguliwa kwa maji ili vumbi lisiingie mapafuni. Kisha kichwa, gauni na mabawa hupangwa kwa kupandiana juu ya bamba lililopakwa udongo mweupe, la sivyo kioo hugandamana na bamba na vyote viwili ni vya kutupa. Kijiwaya cha kuning'inizia huwekwa katikati ya tabaka mbili. Kiwe cha shaba, kwa sababu alumini huyeyuka nyuzi 660 na tanuri linakwenda mpaka 800 hivi. Ukiona waya umekuwa mweusi, si kutu, ni shaba iliyoungua. Limau litautakatisha.

Hapo sasa ndipo ugomvi wenu ulipo. Kioo kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, na kila kiwanda kina kioo chake. Chupa ya kijani ya bia na kipande cha dirisha vitashikana vizuri kabisa kwenye moto, utavisifu. Vikipoa, kimoja kinataka kunywea zaidi ya mwenzake na hakiachiwi. Vinakaa hivyo vikivutana wiki, hata miezi, mpaka asubuhi moja ya baridi. Kwa hiyo fundi makini hutoa malaika mzima katika chupa moja, kichwa hadi bawa. Mkiagiza, sisitizeni hilo, hata kama Mama Gracia anang'ang'ania mabawa ya bluu na gauni jeupe.

Kupoza nako. Baada ya nyuzi 800, tanuri hushushwa upesi, maana kioo cha chupa kikikawia juu huota ukungu mweupe usiofutika. Likifika karibu 550 husimamishwa, kwa vitu vidogo kama hivi saa moja yatosha, halafu linateremshwa taratibu hadi chini ya 400, na baada ya hapo linazimwa na mlango haufunguliwi hadi kesho yake. Anayefungua usiku "kuchungulia tu" anauza malaika wa kupasukia kabatini kwa watu. Kwa hiyo tanuri moja hutoa mzigo mmoja kwa siku, na kwa fundi anayelipwa kwa kipande, kila ufa unakatwa kwenye unga wa nyumbani.

Ndiyo maana lile ombi lenu la kupunguziwa theluthi ya bei sijalipenda. Oktoba 2023 mahujaji walitoweka, maduka ya Bethlehemu yakakosa wateja, na vibali vya Wapalestina kwenda kufanya kazi Israeli vilisimamishwa. Wanaume wengi waliokuwa mafundi ujenzi upande wa pili walibaki nyumbani. Mwanamke mwenye koleo na chupa ndiye analisha. Halafu mnataka theluthi!

Usizichanganye kazi hizi na vioo vya Hebroni, vile vikombe vya bluu vya kupuliziwa kwa bomba. Ile ni kazi ya karakana za familia, tanuri la moto mkali, na wanaopuliza wengi ni wanaume. Ya wanawake hawa inataka meza na tanuri dogo la umeme, ndiyo maana imewafaa. Yule mchungaji wenu atafurahi kusikia kwamba malaika hawa wana jina kubwa katika Kanisa la Kilutheri la Krismasi la Bethlehemu, ambako enzi za Mchungaji Mitri Raheb vioo vilivyovunjika katika uvamizi wa jeshi la Israeli wa 2002 viliokotwa vikageuzwa malaika. (Vipande vya dirisha moja vinapatana. Dirisha na chupa ndiyo balaa.)

Mzigo ukifika, jaribuni hivi kabla ya kuuza: washeni kompyuta ya mapajani, skrini iwe nyeupe, mtu avae ile miwani ya jua inayokata mng'ao (polarized), ainamishe kichwa mpaka skrini iwe nyeusi, halafu malaika apitishwe katikati. Mwanga uking'aa kuzunguka maungio, huyo ana mvutano, mwekeni kando. Eliakimu ana miwani ya aina hiyo, kwa mara ya kwanza itafanya kazi ya maana.

Kingo za kioo zikiwa na kijani kidogo zisikutie shaka, ni chuma kilichomo kwenye kioo. Agizeni mapema, Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina ilipo Bethlehemu, hauna uwanja wa ndege wake, mizigo hupitia Israeli au Yordani, na husubiri. Mkishindwa kuwasiliana na kikundi moja kwa moja, shirika la Sunbula la Yerusalemu huuza kazi za vikundi vya wanawake.

Sasa niambie: ufa ulipita wapi? Mabawa yana rangi moja na gauni? Nani hasa aliyekuletea, ni yule dada wa kwaya au alinunua njiani kwa mchuuzi? Hizo mia mnazihitaji kwa tarehe ngapi, na nani anashika pesa, asije akawa tena shemeji? Na Neema, matokeo yametoka?

Wako,
Mama Baraka