Satelaiti zote hazikusimama, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri, salamu kutoka Mtwapa.

Mimi ni fundi wa madishi, kazi hii nimeifanya miaka mingi sasa, na gazeti lako nalisoma kila siku dukani nikingoja wateja. Juzi mliandika habari ya satelaiti mkasema zinakaa pahali pamoja juu angani "bila kusogea", ndo maana dishi ukishalifunga halihitaji kugeuzwa tena. Kwa dishi la TV ni kweli kabisa, lakini mlivyoandika ni kama satelaiti zote ziko hivyo na hapo ndo nimeona nisinyamaze, manake hata mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo mpaka kijana wa jirani yangu anayesoma chuo aliponifungua macho.

Kuna satelaiti ambazo njia yake haina umbo la duara, ni ndefu kama yai lililovutwa. Upande mmoja inapita karibu sana na dunia, upande wa pili inakwenda mbali mno. Ukitaka kuelewa mwendo wake tazama mtoto kwenye bembea, akifika juu anakuwa kama amesimama kidogo, akishuka chini anapita vuuu. Sasa chukua satelaiti ya TV iliyorushwa leo. Kabla haijafika kwenye kituo chake inaanza na njia hiyo ya yai, chini kama kilomita 250 tu na juu karibu kilomita 36,000, pale chini inakimbia kilomita 10 na kidogo kwa sekunde, pale juu haifiki hata kilomita 2. Ni injini yake yenyewe inayowashwa pale juu ndo inaifanya njia iwe duara.

Kuifuata kitu kama hiyo si mchezo. Yule kijana alinionyesha kwenye simu, tumekaa barazani usiku, kipande cha roketi kuukuu kilichobaki kwenye njia ya yai. Kidoti kilikuwa juu ya Bahari ya Hindi na kinarudi polepole kuelekea magharibi, nikamuuliza mbona kinarudi nyuma, akaniambia hakirudi, ni dunia inajizungusha na kukizidi mbio kikiwa kule juu. Tukanywa kahawa tukakisahau. Masaa baadaye kidoti kikageuka kikaanza kuruka kuelekea mashariki, nchi inapita baada ya nchi nyingine kwa dakika chache. Wallahi nilisisimka. Mtu mwenye antena ya kufuata kitu hicho inabidi aizungushe mbio kikiwa chini, alafu kikiwa juu akae masaa na masaa anasikiliza kimlio dhaifu sana kutoka mbali.

Na msidhani haya ni mambo ya mashirika makubwa peke yao. Marekani walirusha satelaiti inaitwa IMAGE tarehe 25 Machi 2000, kazi yake kuchunguza ile ngao ya usumaku inayoizunguka dunia, njia yake kilomita 1,000 chini na 46,000 juu, mzunguko mmoja masaa 14 na kitu. Tarehe 18 Desemba 2005 ikanyamaza, wakajaribu kuiita wakachoka, wakaiandika kuwa imekufa. Miaka 12 baadaye, Januari 20 mwaka 2018, bwana mmoja wa Canada anaitwa Scott Tilley, anayefanya haya kwa mapenzi yake tu nyumbani, alikuwa anatafuta satelaiti nyingine ya siri ya Marekani akanasa mawimbi asiyoyatarajia. Akayajuaje? Ni kama honi ya matatu, ikija kwako mlio uko juu, ikikupita unashuka. Mawimbi ya satelaiti nayo yanapanda na kushuka hivyo, na kila njia ina mchoro wake. Akalinganisha ule mstari uliopinda kwenye skrini na njia zinazojulikana, ukalala sawasawa juu ya njia ya IMAGE. Tarehe 30 Januari NASA, shirika la anga la Marekani, wakathibitisha kuwa ndo yenyewe. Baadaye ilianza tena kukatika, lakini fikiria, mtu mmoja na antena yake amekipata kitu walichokipoteza wenyewe!

Kinachoniuma zaidi Bwana Mhariri ni kwamba habari hii iko hapa kwetu pwani na hamuiandiki. Roketi za Ariane 5 zikitoka Kourou kule Guyana ya Ufaransa na satelaiti za TV, zilikuwa zinafuatwa na antena za ardhini kwa kupokezana, Natal Brazil, kisiwa cha Ascension, Libreville Gabon, alafu Malindi. Ndio, Malindi hii hii yetu. Karibu nusu saa baada ya kuruka, roketi ikiwa inaachilia mzigo wake kwenye hiyo njia ya yai, antena zilizokuwa zinasikiliza ni za kituo kile cha anga cha Waitaliano upande wa Ngomeni. Satelaiti ya TV ya Intelsat 20 iliyo digrii 68.5 mashariki, mafundi wenzangu wote wa pwani tunaijua, tumeilenga madishi mangapi sijui, ilirushwa na Ariane 5 tarehe 2 Agosti 2012. Nimepanda mapaa nikiitafuta, fainda, kile kifaa cha kutafutia mawimbi, inalia mkononi, na hakuna hata siku moja aliyeniambia ilipoanza safari ilipita juu yetu. Mteja akiniuliza satelaiti imefikaje kule juu nilikuwa namjibu "imerushwa tu mama", basi.

Watoto wa shule za Malindi na Kilifi wanapita barabara ya kwenda Ngomeni na wengi wao hawajui zile antena zinafanya nini, wanaambiwa ni mambo ya wazungu. Hapana. Kuna Wakenya wanafanya kazi pale.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza ile sentensi irekebishwe, muandike kuwa zinazoonekana kusimama ni zile za juu ya ikweta kilomita 35,786 peke yake. Pili mtumeni mwandishi Ngomeni akaulize jinsi antena inavyoifuata satelaiti ya njia ya yai, dakika kwa dakika, alafu muichape ukurasa mzima na picha. Mimi nitanunua nakala kumi, moja nibandike dukani na nyingine nigawie vijana ninaowafundisha kazi.

Fundi wa madishi,
Mtwapa, Kilifi