Mchuzi wa migebuka

Ujiji, Kigoma
14 Machi

Shoga yangu,

Salamu za huku ziwani. Umeuliza kama ule mchicha wangu wa kwenye mabomba, unaokua majini bila udongo, bado upo. Upo, ila wa kwanza niliuzika mwenyewe.

Unakumbuka nilivyojigamba kwamba sinunui mbolea ya dukani wakati mwalo wa Kibirizi kuna vichwa na matumbo ya migebuka ya bure? Nikayavundika kwenye dumu, nikachuja, nikamimina mchuzi moja kwa moja kwenye maji ya mboga. Siku ya nne mizizi ni myeusi, inateleza kama bamia. Jirani akauliza, kwa adabu kabisa, kama kuna kitu kimekufa kwetu.

Kumbe mmea hauli samaki, shoga. Nitrojeni ya samaki, chakula cha mmea, lazima bakteria waigeuze amonia kwanza, kisha wengine waigeuze naitreti, ndipo mboga ziipokee vizuri. Shambani kazi hiyo hufanyika chini kwa chini wala hatujui. Kwenye ndoo ya maji matupu hakuna wa kuifanya, na uozo unamaliza hewa yote, mizizi inakosa pumzi. Basi mimi niliyeukimbia udongo nikarudi kuuomba! Konzi moja ya mboji nimeifunga kwenye kitambaa, nikaitumbukiza ndooni, na kipampu cha hewa, kile cha samaki wa mapambo, kinapuliza usiku na mchana. Mchuzi naweka kidogo kidogo kila siku. Baada ya wiki mbili na ushee harufu ya samaki ikaisha, ikabaki kama ya ardhi iliyonyeshewa. Hapo ndipo nikapanda.

Maji nayo yalinitesa. Ya Ziwa Tanganyika yana ualikali mwingi, yaani si machachu: pH, kipimo cha uchachu ambacho namba ikipanda uchachu unapungua, inakaribia 9, na mboga hizi zinataka 5.5 hadi 6.5. Majani machanga yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani: madini ya chuma yapo, mizizi haiwezi kuyachukua. Sasa nakinga mvua ya bati. Ndimu nayo hushusha pH, lakini ni ya siku mbili tatu, bakteria wanaila. Majivu ya mchikichi, ambayo shangazi ananishikilia niweke kwa ajili ya potasiamu, naweka kiduchu maana yanapandisha tena.

Mchicha nimeshachuma mara mbili. Saladi bado inanidai.

Ukipanda treni nibebee asali ya huko Tabora, na ukifika lile dumu la bluu nyuma ya jiko usilifungue.

Wako wa Ujiji