Mama mdogo, bakuli sikulitembeza

Shikamoo mama mdogo.

Mjukuu wako amelala. Leo amemaliza kikombe kizima cha uji na hakutapika, kwa hiyo nina muda kidogo wa kuandika kabla hajaamka kudai maji.

Juzi ulinipigia baada ya kuiona ile picha iliyozunguka kwenye simu za ndugu: nimevaa fulana ya njano ya matembezi ya hisani, nimesimama juu ya daraja, jasho linanitiririka, nacheka. Ukaniambia, "Mwanangu, mtoto yuko kitandani, wewe uko barabarani unacheka. Yaani tumefika mahali pa kutembeza bakuli?" Nilinyamaza. Wewe ndiye uliyenilea tangu mama alipofariki, na sijazoea kukujibu. Nikakuambia salio linaisha, tutaongea. Salio lilikuwepo.

Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu neno hilo si lako peke yako. Kina mama tunaolala hapa Muhimbili, wodi ya watoto wenye saratani, karibu kila mmoja ana mkubwa wake nyumbani aliyemwambia hivyohivyo, na kwa upendo huohuo. Jina lako silitaji.

Nianze na beseni. Nilikuwa namwogesha pale uani kwako, povu la sabuni ya mche mwili mzima, mkono wangu ukateleza ubavuni kushoto ukagonga kitu. Haikuwa gesi. Kilikuwa kigumu, cha mviringo, kama embe bichi lililokaa chini ya mbavu. Yeye wala hakulia. Alikuwa anachota maji kwa kikombe na kujimwagia magotini. Nikarudisha mkono mara ya pili, ya tatu, nikitumaini hakitakuwepo.

Ukasema bandama. Sikukulaumu wakati ule na sikulaumu leo, maana kila mtu alisema bandama. Hata zahanati tuliyoanzia walitupa dawa ya malaria na ya minyoo, tukakaa nyumbani wiki tatu tunasubiri tumbo lipungue. Ukampeleka akachanjwa. Zile chale tatu bado zipo, juu kidogo ya mshono wa upasuaji. Nikimpaka mafuta jioni vidole vyangu vinapita kote kuwili, kwenye chale zako na kwenye mshono wa daktari, na najua mlikuwa mnakitaka kitu kilekile kitoke.

Safari unaikumbuka, maana wewe ndiye uliyetufungia viazi na mayai. Tuliondoka Songea gizani. Njombe alikuwa amelala, Makambako akaamka, Kitonga akatapika. Mikumi abiria wote walihamia upande mmoja kutazama twiga, na mimi nilikuwa nahesabu matuta. Kila basi lilipopanda tuta nililishika tumbo lake kwa viganja viwili chini ya khanga, kama mtu aliyebeba kibuyu kilichojaa hadi mdomoni. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Mkono wenyewe ulikataa tumbo lile lisitikiswe.

Muhimbili, baada ya altrasaundi, jambo la kwanza daktari aliloniambia lilikuwa: kuanzia leo asibonyezwe tumbo na mtu yeyote. Uvimbe huu ukibonyezwa unaweza kupasuka, na ukipasuka unasambaa. Miguu iliniisha nguvu. Nilikumbuka yale matuta, nikakumbuka na ndugu na majirani wote waliokuja kutujulia hali, kila mmoja na vidole vyake, "hebu nione." Kwa hiyo mama mdogo, hili naomba ulipeleke kanisani, ulipeleke kisimani, ulipeleke kwa yule mzee wa chale pia: mtoto mdogo akiwa na uvimbe tumboni, asibonyezwe, apelekwe hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Ugonjwa wenyewe unaitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la daktari mpasuaji wa Kijerumani aliyeuandika mwaka 1899. Ni saratani ya figo, na wengi wanaoupata wako chini ya miaka mitano kama huyu wetu. Daktari alinieleza kwa kunichorea nyuma ya karatasi: figo inapoumbwa mtoto akiwa bado tumboni, kuna chembe changa ambazo zinatakiwa zikomae. Chache zikabaki na uchanga wake, kisha zikaanza kukua bila kipimo. Hakuna aliyemroga. Si kwa sababu nilikula kitu fulani nikiwa na mimba, wala si kwa sababu baba yake alitukimbia. Nilimuuliza yote hayo, moja baada ya jingine, naye akayajibu yote bila haraka. Hauambukizi, wenzake wanaweza kulala naye kitanda kimoja. Na figo moja iliyobaki inamtosha kuishi.

Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, ilianza kabla ya upasuaji, ili uvimbe usinyae kwanza. Kuna dawa moja inaitwa vinkristini. Nataka uijue kwa sababu mmea wake unao mlangoni kwako, upande wa jiko: lile ua dogo la rangi ya waridi, majani yake yanang'aa, halifi hata kiangazi. Asili yake ni Madagaska, na dawa hiyo inatoka kwenye majani yake. Nilipoambiwa nilikuwazia wewe papo hapo. Umenifundisha maisha yote kwamba dawa ziko shambani, na hapa wodini nimeikuta ya shambani inaning'inizwa kwenye dripu. Ila usije ukachuma ukamchemshia mtu. Majani yenyewe ni sumu; inahitajika mitambo kuitoa dawa ndani yake, na hata ikishatoka nesi anaipima kwa uzito wa mtoto, tone likizidi ni balaa.

Nayo haikumwacha hivihivi. Inachosha mishipa ya fahamu ya miguu. Alianza kuburuta vidole, unyayo unapiga sakafu pa, pa, pa, kama mtu aliyevaa ndala za baba yake. Ngazi tatu za mlangoni alizipanda kwa kushika ukuta. Mtoto uliyekuwa ukimkimbiza kwenye mahindi. Mtaalamu wa mazoezi akaweka alama mbili za plasta sakafuni kwenye korido: kila asubuhi aende ya huku mpaka ya kule, arudi, kisigino kwanza. Alilia siku mbili, ya tatu akaanza kunisimamia na mimi: "Mama, kisigino kwanza."

Basi siku walipokuja na zile fulana za njano kutuambia kuna matembezi ya hisani, kilomita tano, na anayetaka kuwakilisha wodi ajiandikishe, nilitaka kukataa. Sababu ni zako zilezile. Nitamwachaje? Watu watasemaje? Yeye akaniangalia kutoka kitandani, hana nywele hata moja, nyusi hana, akasema, "Mimi natembea kila siku. Na wewe tembea."

Lakini hiyo siyo sababu yenyewe ya kutembea. Sababu ni mama mmoja aliyekuwa kitanda cha dirishani.

Alikuwa na mvulana mwenye uvimbe kama wa kwetu. Tuliingia karibu pamoja, watoto wakapasuliwa wiki moja. Kijana wake alichora malori tu, kutwa malori, hata kwenye boksi za glavu. Baada ya upasuaji aliamka vizuri kuliko mjukuu wako. Siku ya nne anakula ugali, anataka kwenda nje. Tumbo limelala, uvimbe umetoka, ukimwona huwezi kusema anaumwa. Ila kemo haikatizwi hapo. Kunakuwa na miezi mbele, kwa sababu kinachobaki hakionekani kwa macho, na kikiachwa kinarudi, mara nyingi mapafuni. Yule mama aliambiwa kama nilivyoambiwa mimi. Lakini nyumbani ameacha watoto wengine watatu, shamba halijapaliliwa, mume anapiga simu anauliza, "Si mmesema uvimbe umetolewa?" Akaomba aende wiki moja tu, atarudi. Hakurudi. Nauli ya kwenda alichangiwa na sisi; ya kurudi hakuwa nayo. Nimepiga namba yake mpaka nimechoka. Haipatikani. Boksi lenye lori bado liko chini ya kitanda changu.

Hapo ndipo bakuli linapoingia, mama mdogo. Kwa mjukuu wako sikuomba hata shilingi. Matibabu ya saratani ya watoto hapa Muhimbili hatulipi. Hospitali na shirika la Tumaini la Maisha wanabeba, na kuna hosteli ya kulala sisi tuliotoka mikoani. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wanapata saratani duniani. Nchi tajiri wanapona zaidi ya 80 katika kila 100. Nchi nyingi zenye uwezo kama wetu hawafiki hata 30. Zamani ningesema tofauti ni dawa tu, wao wanazo na sisi hatuna. Sasa najua tofauti nyingine iko wapi, nimeilalia kitanda cha jirani. Iko kwenye wiki tatu za dawa ya minyoo. Iko stendi, kwenye nauli ya kurudi. Mtoto anapotea huku dawa yake imekaa kabatini ina jina lake.

Kwa hiyo nilipita na karatasi ya michango ya matembezi. Kwa mama ntilie wa geti la nyuma, kwa vijana wa bodaboda, kwa yule kaka wa duka la dawa. Elfu moja, mia tano, mmoja akatoa elfu kumi akakataa nisimwandike jina. Nikimwambia kila mtu: hii ni nauli ya kumrudisha mtoto kwenye dozi. Kama hilo ni bakuli, basi nimelibeba.

Jumamosi yenyewe chembe nyeupe za damu za mjukuu wako, zile zinazopigana na maradhi, zilikuwa chini, kwa hiyo hata kusogea kwenye watu asingeweza. Homa kidogo tu wakati kama huo ni ya kukimbizwa kwa daktari, hata iwe saa nane ya usiku. Mama wa kitanda cha pili alikaa naye. Alinisukuma mlangoni, akasema, "Nenda, wangu na wako ni wale wale." Nilikwenda nimeshika simu mkononi kama yai.

Tulianzia Coco Beach saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapanda lile daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, linalopita juu ya maji kabisa, kisha tukaifuata barabara ya baharini mpaka Ocean Road, hospitali ya Wajerumani ya tangu 1897, ambako leo watoto wenzake wanakwenda kupigwa mionzi. Joto la Dar unalisikia tu redioni. Kufika katikati ya daraja fulana ilikuwa imeganda mwilini, kisigino kinauma, na ninahesabu hatua zangu kama anavyohesabu yeye kwenye korido.

Simu ikaita. Moyo ulinipasuka. Ni yeye, mama wa kitanda cha pili kamshikia simu, anataka kuona nilipo. Unajua hajawahi kuiona bahari. Miezi yote hii yuko Dar es Salaam na bahari haiko mbali, lakini yeye anajua wodi na hosteli tu. Nikageuza kamera nikamwonyesha maji yote, kutoka huku hadi yanapokutana na mbingu. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza:

"Mama, nani amemwaga?"

Ndicho nilichokuwa nacheka pale. Aliyepiga picha alikuwa mbele yangu tu. Nilikuwa nacheka na mjukuu wako.

Akaniagiza nimchotee. Nilishuka kwenye mchanga baada ya matembezi, nikajaza chupa ndogo ya maji ya kunywa, nikaikaza kifuniko. Nesi aliitazama, akaifuta nje kwa spiriti, akaizungushia plasta ili isifunguke, akasema ikae dirishani na asiiguse bila kunawa. Alinuna kwanza kwa sababu ndani ya chupa haina rangi. Sasa kila anayeingia anaonyeshwa.

Jumanne ana dozi nyingine. Zikibaki nne daktari atatupa ruhusa ya wiki mbili, na tutakuja, na tutarudi Dar. Nauli ya kwenda na ya kurudi nimeshaitenga, iko kwenye bahasha moja. Miguu bado mizito, kwa hiyo kutoka stendi tutachukua bajaji. Tafadhali waambie watu wasijae nyumbani, na mwenye mafua asisogee.

Jana nilimuuliza kama tuibebe ile chupa au tuiache. Akasema tuibebe, ni ya bibi. Nikamwambia bibi ana Ziwa Nyasa, amelioga tangu mdogo. Akafikiri, akasema hilo ni la kwao wote, hii ni ya kwake.